Swichi za Kikomo kwa Mashine ya Kuchonga Milango

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala, niko Dunda, Bagamoyo. Nimejiundia mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga nakshi za milango, yenye mihimili (mielekeo ya mwendo) mitatu, bodi ya Arduino inayoiongoza na programu ya GRBL iliyo ndani ya bodi hiyo. Wiki iliyopita daraja lake, yaani sehemu inayobeba kisu juu ya reli, lilifika mwisho wa reli likaendelea kusukuma, hata kiungio cha mota kikapasuka. Dukani nimeonyeshwa swichi ndogo zenye kiwiko, sensa za mwanga na sensa za mviringo zinazohisi chuma. Ninunue zipi, na je, ni lazima ziwe 6?

JIBU: Marahaba, na pole kwa hasara hiyo. Sensa ya mwanga iache dukani. Hiyo hufanya kazi kwa kipande kinachopita kwenye upenyo wake na kuukata mwali, na katika karakana ya mninga na mkongo unga wa mbao utauziba upenyo huo mapema mno.

Swichi ndogo yenye kiwiko ni rahisi na ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani, lakini pwani ina chumvi hewani. Niliwahi kuifungua moja iliyokaa kwenye mashine yangu masika nzima: chini ya kiwiko vumbi lilikuwa limeshindiliwa kama unga uliolowa, na vigusio vimefanya ukijani. Nilipoibonyeza nilisikia mlio wake vizuri kabisa, ila mita haikuonyesha kwamba umeme unapita. Swichi ya namna hiyo, ikiwa imeungwa ili ipitishe umeme pale tu inapoguswa, haitatoa taarifa yoyote siku daraja litakapoifikia, na wewe utakuwa umeitegemea bure.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua aina, amua namna ya kuunga. Swichi ina miguu mitatu iliyoandikwa COM (wa pamoja), NO (huungana na COM swichi inapoguswa) na NC (huachana na COM swichi inapoguswa). Tumia COM na NC, ili umeme upite muda wote na ukatike swichi inapoguswa. Hapo waya ukitafunwa na panya, skrubu ikilegea au kigusio kikiota kutu, mashine itadhani imefika kikomo na itasimama. Katika GRBL weka $5=1 ili programu isome hali hiyo sawasawa, na $21=1 ili kikomo kiwe na nguvu ya kusimamisha mwendo.

Kwa mihimili miwili ya mlalo ningenunua sensa za kuhisi chuma, kwa kuwa hazina kigusio kilicho wazi na mwili wake umezibwa. Ile ya kipenyo cha milimita 12 mara nyingi huhisi chuma cha kawaida kwa umbali wa milimita 4 hivi. Alumini huupunguza umbali huo hadi chini ya nusu, basi funga kipande cha chuma cha kawaida kwenye daraja na uache nafasi ya milimita 2. Kipite kwa kukatiza mbele ya uso wa sensa, kisiijie moja kwa moja, ili siku ikishindwa isipondwe. Uliza kabla ya kulipa kama ni ya NPN (waya wake wa ishara huungana na hasi) na ya kufunga kwa kawaida, yaani NC. Waya wa kahawia ni chanya, wa buluu ni hasi, mweusi ni wa ishara. Sensa ikilishwa volti 12, usiuunge mweusi moja kwa moja kwenye pini ya Arduino, ambayo ni ya volti 5, bali upitishe kwenye optokapla, kifaa kidogo kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme wa pande mbili.

Mhimili wa wima unatosheka na swichi ya kiwiko iliyofungwa juu, mbali na vumbi. Nyaya zake zisilale pamoja na za mota ya kuchongea, ambazo huvuruga ishara. Tumia waya wenye ngao, ngao iungwe kwenye ethi upande mmoja tu, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye pini.

Sensa 3, moja kwa kila mhimili, zinatosha kutafutia mwanzo, yaani sifuri ya mashine, na mpangilio wa $20 wa GRBL utalinda ncha nyingine kwa hesabu ya umbali kutoka hapo. Hata hivyo hesabu hiyo hupotea mota inaporuka hatua, na kwako kiungio kimeshapasuka. Kwenye mhimili mrefu weka 2, kila moja na optokapla yake, matokeo yakiungwa kwa mfuatano. Umeme ukikatika katikati ya nakshi, ukirudi utaiamuru mashine itafute mwanzo uleule, na kazi itaweza kuendelea mahali pake iwapo uliipanga sifuri ya kazi hiyo kwa amri ya G54, ambayo GRBL huihifadhi, wala si kwa G92, ambayo haihifadhiwi.

Kabla ya kufunga kisu, endesha daraja polepole na usogeze chuma mbele ya sensa kwa mkono. Kisha chomoa waya wa kila sensa mmoja mmoja. Mashine isiposimama kila mara, usiweke mbao juu yake.