Maswali Yenu ya Gemu: Pikipiki Kwenye Barafu

SWALI: Anko salaam, niko Busia. Nacheza Moto X3M Winter, ile gemu ya pikipiki kwenye theluji, kwa kompyuta ya kafe na usiku kwa simu, leveli za mwanzo napita vizuri lakini mbele huko naanguka tu, nashikilia gesi mwanzo mpaka mwisho na bado napata nyota moja. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, tatizo ni huko kushikilia gesi. Ni kweli nyota zinatolewa kwa muda, ukimaliza haraka unapata tatu, lakini anayewahi kufika ni yule asiyeanguka. Kishale cha juu ni gesi, cha chini breki, kushoto pikipiki inalala nyuma, kulia inainamisha pua, na hivi viwili vya mwisho ndio gemu yenyewe. Ukiwa hewani angalia unaenda kutua wapi, kama ni mteremko shusha pua mpaka tairi zote mbili zilale sawa na huo mteremko, hapo mwendo haupotei, ila ukitua na tairi la mbele peke yake kwenye tambarare basi umeruka kichwa chini. Samasoti, yaani kupinduka mzima hewani, nazo zinakupunguzia muda kwenye saa, kwa hiyo zipige, lakini pale rampu ni ndefu tu, moja iliyokamilika inatosha, moja na nusu ni kifo. Na ukiona misumeno au vitu vinaning'inia, piga breki, subiri kidogo, pita.

Kitu kizuri ni kwamba hata pikipiki ya kweli inageuzwa hewani: wale wa motokrosi, mbio za pikipiki kwenye njia za udongo na vilima, wakiongeza gesi pua inapanda, wakikanyaga breki ya nyuma pua inashuka, kwa sababu ya nguvu ya tairi linalozunguka. Kwenye gemu vishale vimekurahisishia hiyo kazi.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Jinja. Hii gemu ya theluji inamaliza bando langu, ni kweli inakula hivyo?

JIBU: Pole mama. Gemu yenyewe inakula zaidi inapofunguka, baada ya hapo ni kidogo, kinachokula ni matangazo ya video yanayoingia katikati ya leveli. Waambie wasifunge na kufungua ukurasa kila saa. Na bando lenyewe hapo Uganda limebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, kwa hiyo hayo matangazo unayalipia mpaka na kodi, inauma kweli. Wakikuta ukurasa unaowaambia waweke Flash, programu ya zamani ya kuchezeshea gemu za mtandaoni, watoke haraka, Flash ilikufa mwisho wa 2020, hizi gemu sasa zinacheza bila hiyo.

SWALI: Kaka, mimi ni wa boda hapa Kasese, mdogo wangu anacheza hiyo gemu halafu ananiuliza kama kuna watu wanaendesha pikipiki kwenye barafu kweli. Nimjibu nini?

JIBU: Mwambie wapo ndugu yangu, tena wana mashindano ya dunia tangu miaka ya 1960, Warusi na Waswidi wamevuma sana huko. Wanazunguka uwanja wa barafu wakikata kona za kushoto, tairi zimepigiliwa misumari ya chuma ya karibu milimita 28 ndio inashika barafu, na zile pikipiki hazina breki kabisa! Kwenye kona wanalala mpaka usukani unakaribia kugusa chini. Samasoti kwenye mbio hizo hakuna, na wewe unayebeba abiria mwambie wazi kwamba kwa lami ya Kasese asijaribu hata moja. Kama anataka kuona barafu, kwenu iko juu hapo Rwenzori, kilele chake cha Margherita ni mita 5,109, ila kule unapanda kwa miguu, na kamba, na viatu vya meno, na asikawie maana barafu yake inapungua mwaka hadi mwaka.