Muulize Shangazi: Nimealikwa mbio za farasi, nivae nini kichwani?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Dar, na bosi wetu ni Mwaustralia. Jumanne ya kwanza ya Novemba ametualika chakula cha mchana hotelini Masaki kwa ajili ya Melbourne Cup, mbio kubwa za farasi za kwao Australia. Kadi inasema wanawake waje na kofia. Mimi navaa ushungi, na kofia nimeiacha chekechea. Halafu wenzangu wanachanga elfu tano tano, eti kila mtu atavuta farasi wake. Farasi wenyewe nawaona kwenye tamthilia za Kituruki tu. Nifanyeje nisiaibike?
Mwenye Kadi, Tabata

Marahaba mwanangu, tulia. Farasi asikuumize kichwa. Mbio zenyewe ni mita 3,200, farasi hawazidi 24, na wanamaliza kwa dakika tatu na ushee. Hujamaliza kumenya vitunguu vya pilau, wao wameshafika. Siku yote iliyobaki ni shughuli, na shughuli wewe unazijua: kuna sare, kuna mchango, kuna kuangaliana nani kavaa nini, na kuna shoga mmoja atakayechelewa makusudi ili aingie peke yake.

Nasema hivi kwa sababu nimeshaungua. Kabla sijapewa ukurasa huu nilikuwa fundi cherehani Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mteja wangu mmoja alikuwa mama wa Kiaustralia aliyekaa Oysterbay. Novemba moja akaniletea picha ya kikofia kama kisosi cha chai, kimebanwa upande mmoja wa kichwa, manyoya yamesimama. "Nataka kama hiki." Nikachukua ukili, huu huu wa mikeka, nikautia rangi ya njano na kuushona duara. Manyoya ya kanga nikayabandika kwa gundi. Gundi, na joto la Novemba la Dar unalijua! Kesho yake akaja dukani kunisimulia: supu haijaisha, unyoya mmoja umeshatua kwenye bakuli la mgeni wa jirani. Yeye alicheka hadi machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku ile kitu cha kichwani nakishona kwa sindano na uzi, gundi sitaki hata kuiona.

Kwa hiyo ushungi wako ubaki palepale. Juu yake funga kilemba cha kitambaa kinachosimama, au bana ua kubwa la kitambaa upande mmoja. Mtaa wa Kongo hukosi. Chagua la njano, maana ua la siku ya Cup ni waridi la njano, na bosi wako ataliona kabla hajaiona sura yako. Wenzetu nao wana sare, mwanangu. Jumamosi inayotangulia, siku ya mbio za Derby, watu wanavaa nyeusi na nyeupe. Alhamisi baada ya Cup kuna mbio za Oaks, na ua la siku hiyo ni waridi la pinki. Kiwanja chenyewe kinaitwa Flemington, na mashindano ya mavazi yapo pale tangu 1962, yana majaji na zawadi. Waingereza ndio wakali zaidi. Kule Ascot, mbio alizozianzisha Malkia Anne mwaka 1711, mwanamke anayeingia ule uzio wa wageni wa kifalme akivaa kikofia badala ya kofia nzima, kitako chake lazima kifike sentimita 10. Ukili wangu ungepita. Manyoya sijui.

Usiogope kukosea pia. Mwaka 1965 mwanamitindo wa Uingereza, Jean Shrimpton, alialikwa Flemington siku ya Derby. Akatokea na gauni jeupe lililoishia juu ya magoti, hana kofia, hana glavu, hana soksi. Wakubwa wa mji walikasirika na magazeti yakapata la kuandika. Na unajua gauni lilikuwa fupi kwa nini? Kitambaa alicholetewa hakikutosha! Mimi fundi nikisikia kisa hiki namwonea huruma aliyelishona, maana najua ile saa unayopima mara ya tatu ukiomba kitambaa kirefuke. Basi vijana wakaiga, na leo yeye ndiye anayekumbukwa. Farasi aliyeshinda siku ile hakuna anayeniuliza.

Sasa hizo elfu tano. Majina ya farasi yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanatiwa ndani ya kofia, kila mtu anavuta. Farasi wako akishika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu, unagawiwa fungu. Maofisi ya Australia yanafanya hivyo kila mwaka, hata kwa watu ambao siku nyingine hawajui farasi ana miguu mingapi. Kwao ni utani wa kazini. Kwetu Waislamu kamari ni kamari, iwe ya elfu tano au ya milioni. Mimi nilipoalikwa nilivuta jina bila kutoa hela, nikamshangilia farasi wangu hadi sauti ikakauka. Mfuate anayekusanya leo, pembeni, umwambie: "Jina nitavuta, hela sitoi, nikishinda mpeni anayefuata." Usingoje mezani ndipo uanze kutoa mawaidha. Na ukimkuta mwenzako hataki kabisa kutazama, mwache. Wapo Waaustralia wenyewe wanaosusia Cup kwa sababu kuna farasi waliovunjika miguu na kufa.

Jambo moja kadi haijakuambia. Mbio zinaanza saa tisa alasiri ya Melbourne, ambako siku hiyo ni sikukuu na hakuna kazi. Huku kwetu ni saa moja asubuhi. Wewe umebanwa kwenye daladala Buguruni, mshindi ameshapatikana. Mchana hotelini mtawekewa marudio. Kwa hiyo asubuhi usifungue simu kutafuta habari, na ukijua matokeo funga mdomo. Utamwona mtu anabashiri kwa uhakika mno. Huyo kafungua simu.

Mazungumzo yakipoa, mtaje Michelle Payne. Mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Cup, juu ya Prince of Penzance, farasi ambaye wacheza kamari walimpa 100 kwa 1, yaani karibu hakuna aliyemtegemea. Aliyevuta namba ya geti lao la kuanzia mbio ni kaka yake Stevie, mtunza farasi, naye alivuta namba moja. Meza nzima itageuka kukutazama, na hapo ndipo ua la njano litakapofanya kazi yake.

Shangazi, mbona Dar hatuna mbio za farasi?
Msomaji, Kigamboni

Mbung'o na maradhi ya farasi yamewafanya wanyama hawa kuwa wa shida na gharama ukanda huu. Ukizitaka karibu, nenda Nairobi, uwanja wa Ngong. Mimi nakushauri Lamu. Kule wanakimbiza punda ufukweni, mpandaji hana tandiko, na punda akiamua kusimama katikati ya mbio amesimama. Utacheka kuliko Ascot.

Shangazi, mume wangu anasema dabi ya Kariakoo haina uhusiano wowote na farasi. Nani mkweli?
Mama wa Jangwani, Mbagala

Wewe. Derby ni cheo cha bwana mmoja wa Kiingereza, Earl wa 12 wa Derby, na mbio zilizobeba jina lake zilianza Epsom mwaka 1780. Neno likasambaa kwenye mbio nyingine, baadaye kwenye mpira, hadi Simba na Yanga. Inasimuliwa kuwa yeye na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu kuamua mbio zipewe jina la nani. Derby akapata jina. Lakini mbio za kwanza zilichukuliwa na farasi wa Bunbury, Diomed. Mweleze mumeo taratibu, na kama ni wiki ya mechi subiri ipite.