Maswali ya Wasomaji: Kunasa Miale ya Gama ya Milipuko ya Mbali

Swali: Darubini za Namibia zimenasa miale ya gama yenye nguvu kubwa mno kutoka kwenye milipuko ya mbali. Kwa nini si Mwanza, wakati vilima vya mawe tunavyo na usiku wa ziwani ni giza? Na kama hewa huzuia miale hiyo, darubini ya ardhini inaona nini? (Msomaji, Nyegezi)

Jibu: Tuanze na la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza. Darubini haiuoni mwale wenyewe. Fotoni ya gama, yaani chembe moja ya mwale huo, hugonga hewa juu sana ikazaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), nazo zikazaa nyingine, hadi kufikia kilomita 10 hivi kutoka ardhini kuna manyunyu ya chembe zinazokwenda kasi kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya hewa. Manyunyu hayo hutoa mmweko wa buluu, mwanga wa Cherenkov, unaodumu nanosekunde (bilioni moja ya sekunde) chache na kumulika eneo la mita 120 hivi kila upande. Kioo kikubwa kikiwa ndani ya eneo hilo, kinaunasa.

Kwa hiyo hewa ya juu yako ni sehemu ya mtambo, na hapo ndipo Mwanza inaposhindwa. Mwinuko si tatizo kubwa: ziwa liko mita 1,134, na darubini za H.E.S.S., zile za Namibia, kule nyanda za Khomas ziko mita 1,800. Tatizo ni radi na mawingu yanayojijenga juu ya ziwa usiku. Wingu zito afadhali, kwa kuwa unafunga kazi. Wingu jembamba hupunguza mwanga kimyakimya, fotoni ikahesabiwa nguvu ndogo kuliko iliyo nayo. Halafu kuna taa za dagaa. Wavuvi hutoka usiku usio na mbalamwezi, na darubini hizi nazo hutaka usiku uleule.

Swali: Mlipuko wenyewe ni wa sekunde chache. Unawahiwa vipi? (Msomaji, Ukerewe)

Jibu: Setilaiti huona kwanza, hasa Swift na Fermi, kisha hutuma mahali ulipotokea moja kwa moja kwenye kompyuta za darubini, bila kusubiri mtu. Tarehe 14 Januari 2019 taarifa ya Swift ilifika kwa darubini za MAGIC, kisiwani La Palma, sekunde 22 baada ya mlipuko. Darubini hizo, zenye vioo vya mita 17, zimejengwa kwa mabomba mepesi ya nyuzi za kaboni ili zigeuke haraka, na ndani ya dakika moja hivi zilikuwa zinatazama. Mwezi ulikuwepo na mlipuko ulikuwa chini kuelekea upeo, lakini ishara ilikuwa kali hivyo haikupotea.

Kinachokwamisha mara nyingi ni mahali. Fermi huweza kukosea kwa digrii kadhaa, na kamera isitazame panapotakiwa. Umbali nao hula miale: fotoni yenye nguvu ya teraelektronivolti (mara trilioni moja hivi ya fotoni ya mwanga wa kawaida) ikikutana njiani na mwanga hafifu wa nyota na vumbi la magalaksi, hugeuka elektroni na positroni, haifiki. Ndiyo maana utafutaji wa miaka mingi ulitoka mikono mitupu.

Kuchelewa, hata hivyo, si sababu ya kukata tamaa. Mlipuko wa 20 Julai 2018 H.E.S.S. iliukuta saa 10 baadaye, mabaki ya mng'ao wake yakiwa bado yanatoa miale.

Swali: Naweza kujifunza kazi hii nikiwa hapa Mwanza? (Mwanafunzi, Kirumba)

Jibu: Ndiyo, upande wa uchambuzi. Pakua Gammapy, programu ya bure, pamoja na data za majaribio ambazo H.E.S.S. ilizitoa 2018. Anza na Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, maana ni chanzo thabiti. Sehemu kubwa ya mimweko hutokana na protoni zinazotoka angani, si gama: picha ya gama ni nyembamba kama yai lililobanwa, ya protoni imetawanyika. Baada ya kuchuja, zihesabu zinazobaki kwenye chanzo, uzilinganishe na maeneo matupu yaliyo umbali uleule kutoka katikati ya kamera. Usiyachukue popote tu, kwa kuwa kamera hainasi sawasawa pembeni na katikati, na ziada ya uongo hutokea hapo. Ziada ya chanzo juu ya maeneo matupu isipofika sigma 5, yaani kiwango ambacho bahati tupu ni vigumu mno kukifikia, usitangaze chochote.