Binti wa wahamiaji kule Nebraska: niliyosimuliwa na mjukuu wake

Mleta uzi, umeuliza mabinti wa familia za wahamiaji waliokwenda kufungua mashamba kwenye mbuga za Marekani karne ya 19 waliishije, kwa kuwa mwanao amepewa kazi hiyo shuleni. Mimi naishi Lincoln, Nebraska, na kwa miaka mitatu nilimhudumia nyumbani kwake mama mmoja mzee wa asili ya Kicheki. Bibi yake alifika huku mwaka 1870 akiwa na miaka 8. Jioni nikimkanda miguu, yule mama alinisimulia.

Baba wa binti huyo alikuwa kibarua wa mashamba ya watu huko Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Ucheki. Sheria ya Homestead ya 1862, ya kugawa ardhi ya serikali ya Marekani, ilimpa mkuu wa kaya ekari 160 kwa ada ya dola 18 hivi, mradi akae hapo miaka mitano, ajenge na alime. Mgeni alitakiwa kwanza kutangaza nia ya kuwa raia. Kwa mtu ambaye hakuwahi kumiliki hata kiwanja, hiyo ilitosha kumpandisha meli na watoto wanne.

Miti ya kujengea haikuwepo. Walikata ardhi kwa plau pamoja na nyasi na mizizi yake, wakapanga vipande kama matofali, na paa nalo likawa la udongo. Mimi ni mtu wa Kongwa, bibi yangu alikaa kwenye tembe, kwa hiyo hapo sikuhitaji maelezo. Mvua ikishakatika nje, ndani bado inadondoka. Mama yao alitundika shuka juu ya jiko ili udongo, na wakati mwingine nyoka, visiangukie chakula.

Kuni pia hakuna. Kazi ya binti ilikuwa kuokota mavi makavu ya ng'ombe na kusokota nyasi za kuwashia moto, kuteka maji, kubeba mdogo wake, na kuchunga ng'ombe wasiingie kwenye mahindi, maana seng'enge zilikuwa bado hazijafika. Shule alikwenda miezi michache ya baridi tu.

Mwaka 1874 wakaja nzige. Walikula mahindi, wakala vitunguu mpaka vikabaki vishimo, wakatafuna hata nguo zilizoanikwa na mipini ya majembe. Wengi walihama. Baba yake akaenda kutafuta kibarua kwenye reli, na binti, miaka 12, akapelekwa mjini kufanya kazi za ndani kwa familia iliyozungumza Kiingereza. Mshahara ulikwenda wote nyumbani. Alilia sana, ila huko ndiko alikojifunza lugha.

Mwanao asiandike kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Kusini kidogo, kando ya mto Big Blue, walikuwepo Waoto na Wamissouria, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, waliobanwa kwenye eneo dogo la ardhi iliyokuwa yao. Mwaka 1881 wakahamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Yule mama aliniambia haya bila kuulizwa, na nilimheshimu kwa hilo.

Sasa ndiyo sehemu iliyonigusa. Mwaka 1875 miaka mitano ilitimia, baba akaenda ofisi ya ardhi na mashahidi wawili kuthibitisha kwamba ametimiza masharti. Kiingereza hakijui. Aliyetafsiri ni binti, miaka 13. Afisa akiuliza, baba anamgeukia mtoto. Mpaka uzeeni, bibi huyo hakusimulia sana nzige. Alisimulia siku hiyo, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza alimwona baba yake anaogopa, na alichokiogopa ni binti asije akakosea neno.

Nilimwambia yule mama kwamba mimi pia, mwaka wangu wa kwanza huku, nilikwenda kliniki na binti yangu wa miaka 9 akawa ndiye mdomo wangu. Daktari alitaja ugonjwa, mtoto hakuujua kwa Kiswahili, akanishika mkono akasema, "Mama, subiri, nitamuuliza tena." Yule mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nimletee hati ya shamba iliyotundikwa ukutani, akanionyesha jina la baba. La binti halimo.

Mwanao akiwa na maswali mengine yaweke hapahapa, nikitoka kazini nitajibu.