Maswali Yenu: Mazoezi ya Kupita Kiasi Vyuoni

Shikamoo daktari. Tuliporudi chuoni Malimbe kutoka likizo, siku ya kwanza tu kocha alituamuru turuke kichura mara mia. Kesho yake mapaja yalivimba, na sasa mkojo wangu una rangi ya chai kavu iliyokolea. Je, ni upungufu wa maji tu?

Marahaba, kijana wangu. Nenda hospitali leo hii, upimwe damu na mkojo. Misuli ikilazimishwa ghafla kufanya kazi isiyoizoea huweza kubomoka na kumwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, ambayo ikizidi huziumiza figo, hata zikashindwa kufanya kazi. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya siku moja na tatu baadaye, wakati mtu ameshajiaminisha kuwa ni uchovu. Januari 2011, wachezaji 13 wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa, vijana wenye miili ya chuma, walilazwa kwa tatizo hilo hilo baada ya mazoezi makali, nao pia walikuwa wametoka likizo. Tafadhali usimeze diklofenaki kutuliza maumivu, kwa kuwa huziongezea figo mzigo.

Mwenzetu alianguka uwanjani Nyamagana saa nane mchana, akaanza kuweweseka, mwili ukichemka. Tulimpakia kwenye bodaboda kumwahisha hospitali. Tulifanya sawa?

Nia yenu ilikuwa njema, lakini kwanza mpozeni, kisha ndipo asafirishwe. Mlazeni kivulini, mvueni jezi na viatu, mmwagieni maji baridi mfululizo mwili mzima huku mmoja wenu akitafuta gari. Kama kuna pipa au beseni kubwa la maji, mzamisheni hadi mabegani, kichwa kikishikiliwa juu. Jordan McNair, mchezaji wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alifariki Juni 2018 kwa kiharusi cha joto, yaani mwili kuchemka kupita kiasi, alichokipata mazoezini, na chuo kilikiri kwamba hakuzamishwa kwenye maji baridi.

Mazoezi ya adhabu yanajenga ukakamavu?

Hayajengi. Yanamfundisha mchezaji kuficha maumivu, na hilo ndilo linaloua.

Nimepimwa nikakutwa na kinasaba kimoja cha selimundu (sikoseli), ingawa siumwi. Niache mpira?

Usiache. Wenye hali yako ni wengi Kanda ya Ziwa, na wengi wanacheza salama. Mwambie kocha mapema, ongeza mazoezi hatua kwa hatua, kunywa maji, na miguu ikilegea ghafla, simama papo hapo, hata kama wenzako bado wanakimbia.