Re: Nyumba ya babu Moshi imeungua, ndugu hawaelewani, halmashauri wamepiga X ya kubomoa, tufanyeje?

Mkuu pole sana. Kwanza malizeni mirathi, bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama mtakuwa mnaenda mipango miji kila ndugu na lake na hamna atakayewasikiliza. Halafu msijiaminishe kwamba nyumba ya enzi za Mjerumani kama yenu inalindwa yenyewe, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, ya kwenu mpaka waziri aitangaze, so barua na picha ziende Idara ya Mambo ya Kale kabla greda halijafika. Paa limeisha si ndio? Funikeni juu ya kuta kwa maturubai kabla ya masika, maana mvua ndo itaziangusha. Na fundi akisema simenti mkatalieni, ukuta wa mawe na chokaa unapigwa plasta ya chokaa, simenti inafungia maji ndani plasta inabanduka vipande vipande (alafu anakudai tena).