Mwagilia kwa kipimo kabla ya kufikiria kuosha chumvi

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: ukoko mweupe umetanda shambani, ukaongeza maji ili kuuosha, na sasa jirani zako walio upande wa chini wa mtaro wanalalamika kwamba maji yao yameingia chumvi. Malalamiko yao ni ya haki. Maji yenye gramu 0.64 tu za chumvi kwa lita, yakimwagwa mita za ujazo 5,000 kwa hekta, huleta takriban tani 3.2 za chumvi, na yale yanayozidi mahitaji ya mmea huzama, huyeyusha chumvi nyingine iliyomo ardhini, kisha hutokea mtoni.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza ziada. Pima unyevu kwenye kina cha mizizi kabla ya kila zamu, ziba mivujo ya mfereji, sawazisha shamba, na ukiweza hamia kwenye umwagiliaji wa matone. Mimi nilianza na kusawazisha, na hatua hiyo pekee ilipunguza sana maji yaliyotuama. Hata hivyo usikate maji kupita kiasi, kwa sababu kiasi kidogo lazima kipite chini ya mizizi, la sivyo chumvi itajikusanya hapo. Maji ya mtaroni yanaweza kumwagilia pamba au shayiri, mazao yanayostahimili chumvi.

Kabla ya kununua jasi (madini yenye kalsiamu yanayotiwa udongoni), peleka udongo na maji maabara, kwani jasi husaidia udongo uliozidiwa na sodiamu, si kila udongo wenye chumvi. Iwapo maji ya ardhini yako karibu, kwenye kina kisichofika mita 2 kutoka juu, mwite mhandisi wa umwagiliaji.